Nyeupe ya Wapagazi

“Rangi ikikupendeza dukani, iogope.”

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia, na hakuniambia mimi. Alikuwa anamwambia Mangi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Morogoro mjini, huku amenyanyua kopo la rangi usawa wa macho na kuligeuzageuza. Mimi nilikuwa nimefuata misumari. Kesho yake nikamkuta ofisi ya walimu katika shule niliyohamishiwa, ameketi kwenye kiti cha dirishani ambacho, niliambiwa haraka, hakikaliwi na mtu mwingine. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa historia. Watu wote walimwita hivyo, Mwalimu wa Historia, hata mkewe, na mimi sijawahi kupata sababu ya kumwita vinginevyo.

Nilimpenda mzee yule, na alinichosha. Nayasema yote mawili mapema ili msomaji asije akadhani ninamlilia mtakatifu.

Nyumbani kwake Kihonda palikuwa na vita sebuleni. Alikuwa amelaza mlango mzima wa mbao juu ya mapipa mawili, na juu ya mlango huo akaijenga Milima ya Uluguru kwa vumbi la mbao na uji wa muhogo, akachomeka vijiti vya miti, akachora mito. Kijiji cha Mlali kilikuwa upande wa kabati la vyombo, na reli ilipita ukingoni. Humo walisimama askari wa udongo, kila mmoja hazidi kidole gumba, bunduki zao za waya. Wajerumani na askari wao walikuwa wanarudi nyuma kuizunguka milima, na Waingereza wanawafuata, katika vita vile vya kwanza vya dunia ambavyo babu zetu waliingizwa bila kuulizwa. Mgeni akija alikunywa chai pembeni mwa vita, na asipoangalia alikitua kikombe juu ya mizinga.

Askari hao walifinyangwa na mkewe, Mama Tunu. Alikulia milimani kwa wanawake wafinyanzi, na vidole vyake viliweza kumtoa mtu mwenye magoti na kofia katika tonge la udongo huku anakusimulia habari za nyanya zilivyopanda bei. Aliwachoma uani pamoja na vyungu vyake vya kuuza. Wakishapoa aliwakabidhi kwa mumewe, na kutoka hapo hakuruhusiwa kugusa kitu.

“Mimi nazaa, yeye anavisha,” alikuwa akiniambia. “Na wa kuwavisha hawaishi, baba, maana kila akimaliza anataka wengine.”

Jumamosi mchana tulicheza, yeye Mjerumani, mimi Mwingereza. Sheria alizitunga mwenyewe, na zilikuwa sheria za mtu mwenye kinyongo. Kabla ya risasi yoyote kupigwa, kila upande ulirusha dado kwa ajili ya wapagazi wake. Dado lilisema nani ameshikwa na malaria, nani anahara, nani ametupa mzigo porini akakimbilia kwao. Wapagazi wakipungua, askari hawaendi popote hata wawe hodari namna gani. “Bunduki haina miguu,” alisema kila mara nilipolalamika, na nililalamika sana. Jumamosi nyingi jua lilizama hatujapigana hata kidogo. Siku moja karani mmoja wa kiwanda cha nguo alipita kumsalimu, akasimama akiangalia meza, akauliza nani anashinda.

“Kuhara,” Mwalimu akamjibu, wala hakuinua kichwa.

Hasira yake yote ilikuwa kwa ajili ya wapagazi hao. Alisema vitabu vinawapa mstari mmoja chini ya ukurasa, wakati wao ndio waliokufa wengi na hawakuandikwa popote walipozikwa. Kwa hiyo yeye aliwafanya kuwa wengi kuliko askari. Safu yao ilianza Mlali ikazunguka mlima mpaka upande wa pili wa mlango, na kila mmoja alikuwa na mzigo wake na sura yake. Mmoja alikuwa amekaa chini. Mwingine alikuwa amegeuka kuangalia alikotoka. Alitaka siku moja safu ikamilike, aipe shule, wanafunzi waizunguke na waone kwa macho vita vilivyobebwa na vichwa vya watu. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na sina budi kusema kwamba lilikuwa jambo jema.

Lakini mtu huyohuyo aliyewalilia wafu wa zamani hakuwa na huruma kwa walio hai mbele yake. Mwanafunzi akikosea alimsimamisha mpaka kengele. Mimi mwenyewe alinipigia kelele mbele ya darasa kwa sababu nilifuta ubao wake. Kuku akichinjwa kwake aliondoka mpaka barabarani, akarudi nyama ikiwa tayari sufuriani, akala paja. Na kwa ubahili alikuwa mkono wa birika hasa. Sukari ya chai aliitia kwa ncha ya kijiko, kwako na kwake, na ukilalamika akakuambia sukari inaozesha meno.

Sasa nije kwenye rangi, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Shida yake ilikuwa nguo ya mpagazi. Askari ni rahisi, alisema; kaki ni udongo tu, na udongo wa Kihonda aliuponda, akauchekecha, akauchanganya na mafuta ya taa na gundi, basi. Lakini mpagazi alivaa marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa dawa, na marekani iliyovushwa mito na kulaliwa chini si nyeupe tena, wala si njano, wala si kijivu. Ni nyeupe iliyochoka. Miaka ya maduka matupu hakuwa na la kuchagua. Ukipata rangi hukuuliza ya nani, ulishukuru. Alijaribu chokaa, ikabanduka. Alijaribu ute wa yai na majivu, mende wakaja wakawala wapagazi miguu. Rangi ya mafuta aliyoiokota kwenye mabaki ya ujenzi wa serikali ilikuwa nyeupe siku ya kwanza na manjano baada ya mvua.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Waliokuwapo wanakumbuka. Mangi, ambaye jana alikuwa na kufuli, kamba na maneno ya kutia moyo, leo alikuwa na ukuta mzima wa makopo. Yalitoka Dubai, yalitoka Bara Hindi, mengine hata Mangi hakujua yametoka wapi, yameshushwa tu usiku Mikese kwenye lori lililoharibika na kuuzwa kwa haraka. Mwalimu wa Historia, aliyekuwa analaani uchumi huo mpya asubuhi nzima ofisini, jioni alikuwa amesimama mbele ya ukuta ule uso umejaa furaha.

Makopo matatu ndiyo aliyoyatilia maanani, nasi tuliyaita kwa picha zake. Kulikuwa na Kanga, kulikuwa na Ngazi, na kulikuwa na Kinu, hilo la mwisho likiwa na maandishi ambayo hakuna mtu mjini aliyeweza kuyasoma. Aliyapima kwa ukali kuliko alivyosahihisha mitihani. Alipaka vigae vya vyungu vya mkewe, akaviweka juu ya bati jua livipige, akavilaza ndani ya ndoo, akavikwaruza kwa msumari. Kanga ilififia. Ngazi ilikuwa nyeupe ya ukuta wa hospitali, ya kibluu, akasema hiyo mpagazi akivaa ataonekana daktari. Kinu ilishika. Ilikuwa nzito, ilifunika mara moja, na ilipokauka ilikuwa na ule uchovu alioutafuta maisha yake yote.

Tena alikuwa na kipimo kingine, na hicho alikiamini kuliko jua na msumari. Brashi aliyotumia ilikuwa na nywele chache sana, na brashi ya namna hiyo haisimami ncha bila kulowanishwa. Yeye aliilowanisha kwa ulimi. Alichovya, akaipitisha midomoni, akaivuta, ncha ikawa sindano, akapaka kiuno cha mpagazi mmoja, akachovya tena. Mchana kutwa. Kwa hiyo kila rangi aliijua kwa kinywa.

“Kanga ni chungu,” aliniambia. “Ngazi ina chumvichumvi. Sasa onja hii.”

Akaninyooshea kijiti kilichochovywa Kinu. Nilionja, kwa kuwa nilikuwa kijana na yeye alikuwa mkubwa wangu. Ilikuwa tamu. Si utamu wa asali, ni utamu mdogo unaokuja nyuma ya ulimi wakati umeshaanza kujuta, na baada yake mdomo unakauka. Nilitema dirishani. Yeye alicheka.

“Mwili unakijua kitu kizuri,” alisema. “Rangi chungu hupauka, rangi tamu hukaa. Kawaulize mafundi wa zamani.”

Hakukuwa na fundi wa kumwuliza isipokuwa wa Mangi, na huyo habari zake zilikuwa mbaya. Nilikuwapo dukani siku Mangi alipojaribu kumwambia.

“Mzee wangu, hii Kinu mimi naiuza, sikatai, nataka kula. Lakini fundi niliyempa apake mageti, akimaliza siku anaumwa kichwa mpaka anatapika.”

“Fundi wako anaumwa gongo.”

“Gongo hanywi, mzee. Mlokole yule.”

“Basi anaumwa ulokole,” akasema Mwalimu wa Historia, akachukua makopo mengine.

Sikujua kuunganisha mambo wakati ule. Mambo yalikuja moja moja, kila moja na sababu yake tayari. Tumbo lilianza kumsokota, lile la kumkunja mtu juu ya magoti, na sote tulisema ni vidonda, anywe maziwa. Akawa haendi haja siku nyingi, tukasema ni ugali wa sembe. Hasira zikazidi, tukasema ni uzee. Alipocheka niliona mstari wa rangi ya wino umetambaa kwenye fizi zake, chini ya kila jino, nikadhani ni dawa ya mitishamba. Uso wake ukapauka, naye akafurahi wanafunzi walipomwambia amekuwa mweupe. Wakati huohuo safu ya wapagazi ilikuwa inasonga mbele kwa kasi ambayo haijapata kutokea, safi, imevaa marekani iliyochoka, na mtu aliyeiona hakuweza kusema neno ila kuisifu. Niliisifu na mimi.

Kilichonitisha kilikuwa dado. Jumamosi moja alilichukua alirushe, na mkono ukaanguka kifundoni. Sisemi ulitetemeka, ulilala chini, kiganja kikining’inia, kama vile mtu ameulegezea kamba. Akaunyanyua kwa mkono wa pili, akaupa dado, akarusha. Tulicheza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisahau kuwarushia wapagazi, akawapeleka askari wake moja kwa moja vitani, na mimi sikumkumbusha kwa sababu niliogopa.

Mimi na Mama Tunu tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa binti wa miaka michache kazini, na Mwalimu alianza kwa kumsahihisha jinsi alivyoshika kalamu. Binti yule alimpandisha mdomo wa juu kwa kidole, akaangalia fizi, akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele. Mmoja ulinyooka. Akauliza anafanya kazi gani.

“Nafundisha historia.”

“Na ukitoka shule?”

Mama Tunu ndiye aliyejibu. Alimweleza yote, askari, brashi, ulimi. Daktari akaweka kalamu chini. Alituambia kwamba rangi nyingine zimetiwa madini ya risasi ili zifunike vizuri na zikae, kwamba madini hayo ndiyo yenye utamu ule, kwamba yanaingia kwenye damu, kwenye mishipa ya mikono, mwishoni kwenye ubongo. Akiacha sasa mkono unaweza kurudi. Asipoacha atapoteza na wa pili, halafu atapoteza akili.

“Usilambe brashi tena, babu. Na rangi hiyo itupeni kabisa, isibaki ndani ya nyumba. Mmenisikia wote?”

Tulisema tumesikia. Njiani Mwalimu alikuwa anacheka peke yake. “Miaka yote nahesabu majeruhi,” akasema, “kumbe na mimi nimepigwa.”

Mama Tunu aliimwaga Kinu yote kwenye shimo la choo. Nilimwona na nikamsaidia. Nikaenda kwa Mangi nikamwomba asimwuzie tena, naye akaapa. Yakaanza maisha ya kulinda mtu mzima. Alipewa Kanga, akapaka mpagazi mmoja, akamtazama, akamrudisha kwenye sanduku. Alipewa Ngazi, hakuifungua. Akaomba brashi nyingine, akaagiziwa Dar es Salaam, ikaja nzuri yenye ncha yake yenyewe. Akasema haina masikio, haisikii anachoiambia. Mara mbili nilimkuta na weupe pembeni mwa mdomo, na mara mbili aliniambia ni dawa ya meno. Sikio la kufa halisikii dawa, nilimwambia hivyo usoni, na sijuti, nilikuwa na hasira naye.

Alistaafu mkono ukiwa haujarudi. Kihonda wakakodisha, wakahamia Mlali, kwenye kiwanja cha ukoo wa Mama Tunu, mbali na duka lolote la rangi. Nilifurahi, nasema kweli. Nilihesabu kwamba tumeshinda.

Mvua mbili zilipita kabla sijaenda kumwona. Nilifika asubuhi, jua likiwa limeshatoka juu ya mlima, nikapiga hodi. Mama Tunu alinipokea uani, mikono ina udongo mpaka viwikoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Umekonda. Yuko huku.”

Walikuwa wamejenga kibanda cha wazi nyuma ya nyumba, na ule mlango wa mbao ulikuwa humo juu ya mapipa yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba. Mikono yote miwili ilikuwa imelala mapajani, viganja chini. Nilimpa shikamoo, akaniangalia kwa upole ambao sikuuzoea kwake, akasema, “Marahaba. Wewe ndiye Mwingereza.” Sikujua kama ni utani au ndilo lililobaki. Akanikaribisha niketi, akaniuliza habari za shule, akaniuliza tena. Midomo yake ilikuwa inacheza hata alipokuwa kimya.

Mama Tunu alinawa mikono. Akaingia ndani akatoka na kopo, na nilipoiona ile picha ya kinu nilisimama.

“Hiyo umeipata wapi?”

“Kwa Mangi. Alikataa. Nikamwambia ni ya mlango.”

“Mama, wewe mwenyewe uliimwaga. Mimi nilikuwapo.”

“Niliimwaga,” alisema. Akaketi karibu na mumewe, akachukua kipande cha kanga kilichochanwa, akaanza kuifunga ile brashi yenye nywele chache kwenye kiganja cha kulia cha mzee, kwa utaratibu, fundo juu ya fundo. “Akakaa anaangalia ukuta. Masika nzima hakuongea na mtu. Chakula nikimpa anashika mdomoni hamezi. Nilikuwa nafua, napika, nafinyanga, na ndani mna maiti inayopumua. Wewe hukuja ukamwona.”

“Lakini daktari alisema nini?”

Alifungua kopo, akakoroga kwa kijiti. Alishika mkono wa mumewe kifundoni, akauinua, akachovya brashi. Kisha akauleta mkono ule kwenye kinywa chake mwenyewe. Alifunga midomo juu ya brashi, akaivuta polepole, ncha ikatoka sindano. Akausogeza mkono mpaka kwenye mpagazi wa udongo aliyekuwa amesimama mezani, naye Mwalimu wa Historia akainama, macho yamekazana, akaanza kumvika. Uso wake ulirudi. Ulikuwa uso uleule wa mbele ya ukuta wa makopo, na ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyoviona siku ile.

“Alimwambia yeye asilambe,” Mama Tunu akasema. “Yeye halambi.”

Nilimwambia. Nilimwambia yote tena, damu, mishipa, akili, nikapandisha sauti mpaka jirani akachungulia. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mgeni. Nilipomaliza alisema nisubiri chai, atabandika maji jikoni wakishamaliza huyu mmoja. Alichovya, akapeleka mdomoni, akampa. Nyuma yao, juu ya ubao, wapagazi wengine walikuwa wamepangwa safu kwa safu bado hawajavaa, na uani moshi ulikuwa unatoka kwenye tanuru alilolichochea asubuhi hiyo kuwachoma wengine.